Namba moja ya mtandaoni, namba moja ya kwetu: shajara ya mradi wa hisabati, darasa la tano

13 Januari: kabla ya kuanza

Nina wanafunzi 36 wa darasa la tano, vishikwambi 6, na simu yangu ambayo ndiyo inayogawa intaneti kwa wote. Tuna vipindi viwili kwa wiki, kila kimoja dakika 40. Nia yangu ni watoto wafanye hisabati kwa namba wanazozisaka wenyewe mtandaoni, badala ya zile za kitabuni ambako kila siku kuna mtu ana penseli 24 na marafiki 6.

Naandika ili mwalimu mwingine akitaka kuiga asianguke palepale nilipoanguka mimi. Gharama nitazihesabu kwa saa zangu za maandalizi, kwa megabaiti na kwa karatasi. Yaliyokwenda vizuri bila shida sitayaeleza sana.

Kazi ya kwanza ilikuwa kusoma. Ufundishaji wa namna hii una baba yake: mwaka 1995 Bernie Dodge wa chuo kikuu cha San Diego State, akishirikiana na Tom March, alibuni aina ya somo lililoitwa WebQuest. Mwanafunzi hupewa utangulizi, kazi, hatua za kufuata, kurasa za kusoma, vigezo vya kusahihishia na hitimisho. Kiini chake ni kwamba kurasa huchaguliwa na mwalimu mapema, ili muda wa mtoto uende kwenye kuitumia habari na si kuihangaikia. Nilisoma, nikatikisa kichwa kukubali, kisha nikaenda kufanya kinyume chake.

Gharama: saa 4.

20 Januari: mito, jaribio la kwanza (halikufaulu)

Kazi niliyowapa: tafuteni mito mitano mirefu kuliko yote duniani, andikeni urefu wa kila mmoja, kisha ipangeni kuanzia mrefu hadi mfupi. Nikawaachia wasake wapendavyo.

Dakika 12 ziliishia kwenye kuandika swali tu, herufi moja moja, kwa kidole cha mtoto mmoja huku watano wakimwelekeza kwa sauti. Kundi moja liliangukia video ya mamba na halikurudi tena. Video nyingine zilikuwa zinajicheza zenyewe bila kuguswa. Jioni nilipoangalia bando, 740 MB zilikuwa zimekwenda kwa kipindi kimoja.

Makundi mawili yalimaliza. Nilifurahi hadi nilipofungua madaftari. Walikuwa wamenakili orodha ambayo ukurasa wenyewe ulishaipanga, namba 1 hadi namba 5. Hakuna mtoto aliyelinganisha namba mbili. Lilikuwa somo la mwandiko.

Usiku nililaumu mtandao. Asubuhi nikalaumu swali.

Gharama: saa 2, MB 740.

27 Januari: mito, jaribio la pili (nusu)

Nilizima kujicheza kwa video kwenye vishikwambi vyote, kazi ya dakika tano ambayo ningeifanya wiki iliyopita kama ningeifikiria. Swali nalo nililigeuza: mtu akitembea kando ya mto Nile kilomita 30 kwa siku, atatumia siku ngapi?

Angalau sasa kuna kugawanya. Lakini kundi la nne liliandika swali lote la kugawanya kwenye kisanduku cha kusakia, na kisanduku kikajibu papo hapo: 221.67. Watoto hawakujua kwamba kisanduku kile ni kikokotoo pia. Walidhani wamekuta ukurasa unaozungumzia safari yao. Wakaandika "siku 221.67" na kupiga mstari chini, mara mbili.

Kilichonisumbua si kikokotoo. Ni kwamba namba zote mbili zilikuwa zimetoka nje ya darasa, moja mtandaoni na nyingine kwangu. Hakuna iliyokuwa yao, kwa hiyo hakuna aliyejali kama jibu lina maana. Siku 0.67 ni nini? Hakuna aliyeuliza.

Ndipo nikaweka kanuni ambayo mradi mzima umesimama juu yake: kila swali liwe na namba moja ya mtandaoni na namba moja ya kwetu, tuliyoipima kwa mikono au kwa miguu yetu. Jibu la swali kama hilo halipo kwenye ukurasa wowote.

Gharama: saa 1, MB 190.

3 Februari: mito, jaribio la tatu

Mara hii nilimtii Dodge. Nilichagua kurasa 9, nikazipakua na kuzihifadhi ndani ya vishikwambi ili zifunguke bila intaneti. Ilinichukua saa 6, na sehemu kubwa ilikuwa kusoma kurasa nilizoishia kuzitupa. Wikipedia ya Kiswahili ina makala za mito mikubwa lakini nyingi ni fupi, kwa hiyo nilichanganya na za Kiingereza na nyingine zilizotafsiriwa na kivinjari. (Hizi za mwisho zitanitokea puani mbele.) Niliandaa pia karatasi ndogo ya maneno: urefu, kina, kipenyo, kasi, na maneno yanayolingana nayo kwa Kiingereza.

Kila kundi lilijigawa: watatu kwenye kishikwambi, watatu uwanjani na futikamba na saa ya kupima sekunde. Wa uwanjani walipima mita 100 na kuzitembea kwa mwendo wa kawaida. Kundi la pili lilitumia sekunde 80. Saa moja ina sekunde 3,600, na 3,600 gawanya kwa 80 ni 45, kwa hiyo kwa saa wanatembea mita 100 mara 45, yaani kilomita 4.5. Wakakubaliana kutembea saa 6 kwa siku: kilomita 27. Nile ina kilomita 6,650. Watafika siku ya 247. Mara hii desimali ilijieleza yenyewe, kwa sababu siku ya 247 wana kilomita 8 tu zilizobaki na binti mmoja aliuliza kama siku hiyo wataruhusiwa kuondoka wamechelewa.

Kundi la tano lilikimbia. Mita 100 kwa sekunde 18 ni kilomita 20 kwa saa, wakazidisha kwa saa 6, wakapata kilomita 120 kwa siku na kutangaza kwamba wao watafika siku ya 56. Hesabu ilikuwa safi kabisa. Niliwaambia wakimbie kasi ileile kuzunguka uwanja kwa dakika tano tu. Dakika ya pili wakaja wenyewe kuomba kutembea.

Halafu ukaja mzozo. Ukurasa mmoja ulisema Nile ina kilomita 6,650, mwingine 6,695, mwingine 6,853. Amazon ilikuwa mbaya zaidi: 6,400 huku, 6,992 kule. Makundi mawili yakaanza kuitana waongo. Kengele ilikuwa inakaribia, nikafanya kosa kubwa kuliko yote ya mradi huu: nikasema, "Chukueni 6,650, tuendelee." Wakachukua. Mzozo ukafa, na mjadala mzuri kuliko wote niliowahi kuupata ukafa nao.

Gharama: saa 6, MB 45 (za kupakua tu), karatasi 40.

10 Februari: kurudia nilichokiua

Nilifungua kipindi kwa kuomba radhi, jambo lililowafurahisha kupita kiasi. Kisha nikawapa kila kundi nakala ya mstari uleule uliopindapinda, uzi, na rula. Pimeni urefu wake. Makundi sita yalileta majibu sita, kuanzia sentimita 41 hadi 47.

Nani mwongo? Hapo kimya. Wakaanza kueleza wenyewe: sisi tulifuata kila kona, wao walikata kona, wao walianzia kwenye nukta, sisi pembeni yake. Mto ni hivyohivyo. Lazima uamue chanzo chake ni kijito kipi, mdomo wake unaishia wapi, na kona ngapi utazifuata. Zile 6,992 za Amazon na 6,853 za Nile zilitolewa pamoja na watafiti wa Brazil, kwa hiyo anayezilinganisha azilinganishe zenyewe kwa zenyewe. Ukichukua 6,992 ya hapa na 6,650 ya pale, unalinganisha uzi wa kundi moja na uzi wa kundi jingine.

Baada ya hapo kukadiria hakukuwa tena sura ya kitabu. Kwa maelfu yaliyo karibu, 6,650 na 6,695 na 6,853 zote ni 7,000: ugomvi umekwisha. Kwa mamia, mbili za kwanza ni 6,700 na ya tatu ni 6,900: ugomvi umerudi. Kundi la pili lilirudia hesabu yao ya safari kwa 6,853 na kupata siku ya 254. Tofauti ya kurasa mbili ni wiki nzima ya kutembea. Sijui njia nyingine ambayo ingewaonyesha hivyo ukubwa wa kilomita 203.

Tangu siku hiyo sifichi tena namba zinazopingana. Nazitafuta kwa makusudi, na nikikuta kurasa mbili zinazokubaliana naongeza ya tatu.

Gharama: saa 1, MB 0, uzi, karatasi 6.

17 Februari: milima, na balaa la nukta

Kazi: kilele cha juu kuliko vyote katika kila bara, na ngazi ngapi za jengo letu zingehitajika ili kufika juu. Urefu wa ngazi moja waliupima wenyewe: sentimita 16.

Kundi la kwanza lilileta Kilimanjaro ikiwa na mita 19,341. Kundi la tatu lilileta Kilimanjaro ikiwa na mita 5.895. Mlima uleule, siku ileile, darasa lilelile. Wa kwanza wameupandisha zaidi ya mara mbili ya Everest, wa tatu wamehesabu kwamba unafikika kwa ngazi 37.

Wa kwanza walikuwa wamesoma futi na kuandika mita. Hilo nililitarajia. La pili lilinichukua dakika kadhaa kulielewa, kwa sababu ukurasa ulikuwa kwa Kiswahili na kweli uliandika "5.895 m". Ndipo nikakumbuka kwamba ni mmoja wa zile uliotafsiriwa na kivinjari, kutoka Kihispania. Kihispania, kama Kijerumani na lugha nyingine kadhaa, mara nyingi huweka nukta pale sisi tunapoweka mkato kutenga maelfu, na mkato pale tunapoweka nukta ya desimali. Kivinjari kilitafsiri maneno, namba kikaiacha na nguo zake za kwao.

Aliyeokoa jahazi ni mvulana wa kundi la sita, ambaye kwa kawaida hasemi. Alinyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, twiga ana mita ngapi?" Twiga dume hufikia mita 5 na nusu hivi. Basi, akasema, mlima wao unamzidi twiga kwa kichwa tu.

Tukaacha kila kitu na kutengeneza bango. Linaitwa Bango la Twiga, na limebaki ukutani hadi leo: mlango mita 2, twiga mita 5, uwanja wa mpira mita 100, mwendo wetu wa saa moja kilomita 4 na nusu, Everest mita 8,849. Kabla ya kuandika namba yoyote ya mtandaoni, mtoto anaipeleka kwanza kwenye bango na kuuliza: ni kubwa kuliko nini, ni ndogo kuliko nini? Ilichukua kipindi kizima na sijutii hata dakika moja.

Kubadili futi kuwa mita kulinishinda mwanzoni. Futi moja ni mita 0.3048, na kuzidisha kwa 0.3048 kwa mkono ni adhabu kwa darasa la tano. Nikawapa njia fupi: kila futi 10 ni kama mita 3. Walipata 5,802. Wakapeleka kwenye kurasa nyingine, wakaona 5,895, wakaja kushitaki kwamba njia yangu inakula mita 93. Ni kweli. Tulihesabu pamoja zile 0.0048 zilizotupwa: mara 19,341 ni mita 92.8. Nilikuwa nimepanga kuyaficha makombo hayo, kumbe ndiyo yaliyokuwa somo.

Nikawasimulia kisa cha Mars Climate Orbiter, chombo cha NASA kilichopotea Septemba 1999 kilipokuwa kinafika Mirihi, kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazisoma kama vipimo vya metriki. Kundi la kwanza lilipumua. Wakubwa nao hukosea.

Everest ilizua ya kwake: 8,848 kwenye ukurasa mmoja, 8,850 kwenye mwingine, 8,848.86 kwenye wa tatu. Hii ya tatu ilitangazwa na Nepali na China mwaka 2020. Darasa likaamua kuandika 8,849 na kueleza sababu kwa sentensi moja. Nimeanza kutoa alama kwa sentensi hiyo.

Gharama: saa 3, MB 60, karatasi 30 na manila moja.

3 Machi: sayari, na mchoro uliotoka nje ya geti

Tulianza na kosa la lugha. Vitabu vingine vya Kiswahili huiita sayari ya kwanza Utaridi, vingine Zebaki. Kundi moja lilisaka "Zebaki" na kuletewa ile madini ya majimaji. Wakarudi na 13.6 wakidai ndiyo ukubwa wa sayari. Ilikuwa ni uzito wa madini hayo ukilinganisha na maji. Dawa: andika "sayari" mbele ya jina, kila mara.

Kisha kosa langu. Niliwapa skeli ya sentimita 1 kwa kilomita 10,000 ili wachore sayari. Ilikwenda vizuri: Dunia sentimita 1.3, Mirihi 0.7, Mshtarii 14.3. Jua lilihitaji duara la sentimita 139, tukalichora kwa chaki sakafuni. Watoto wakashangilia. Nikaona mambo ni mazuri, nikasema kwa kujiamini, "Sasa twendeni uwanjani tuzipange kwa umbali wake, skeli ileile."

Sikuwa nimehesabu. Kutoka Jua hadi Dunia ni kilomita milioni 149.6. Gawanya kwa 10,000, unapata sentimita 14,960, yaani mita 149.6. Uwanja wetu ukaishia hapohapo. Neptun, kilomita bilioni 4.5, ilitoka mita 4,500. Binti mmoja alisimama akitazama geti na kusema, "Mwalimu, Neptun iko kwetu nyumbani."

Nilisimama na kicheko chao kwa dakika nzima. Hakuna mchoro wa kitabuni ambao ungewaambia hivyo, kwa sababu kila mchoro wa kitabuni unadanganya kuhusu umbali. Lakini kipindi kilikuwa kinakwisha, kwa hiyo kwa umbali tukatumia skeli nyingine: mita 1 kwa kilomita milioni 100. Utaridi sentimita 58 kutoka Jua, Dunia mita 1.5, Mshtarii mita 7.8, Neptun mita 45. Swali la nyumbani: kwa skeli hii ya pili, Jua lenyewe lina ukubwa gani? Sentimita 1.4. Dunia ni kama milimita 0.13, punje isiyoonekana kwa urahisi. Waliofanya hesabu hii walirudi kesho yake wakiwa na mashaka, wakataka niihakiki.

Jambo jingine la siku hiyo, dogo lakini nimeliwekea alama. Kundi la tatu, walewale wa mlima wa mita 5.895, walikuta ukurasa ulioandika umbali wa Neptun kuwa "kilomita milioni 4.500". Nukta ileile, kutoka lugha ileile. Kabla sijafika mezani kwao walikuwa wameshaikataa. Walieleza hivi: Utaridi iko kilomita milioni 58 kutoka Jua, Neptun ikiwa milioni 4 na nusu itakuwa ndani kuliko Utaridi, na Utaridi ndiyo ya kwanza. Kwa hiyo nukta ni ya Kihispania. Hakuna aliyewaelekeza.

Mwezi nao: kwa skeli ya kwanza, Dunia ya sentimita 1.3, niliomba kila mtoto aweke Mwezi pale anapodhani. Karibu wote waliuweka sentimita tano au sita kutoka Dunia. Umbali wa wastani ni kilomita 384,400. Wekeni rula wenyewe.

Gharama: saa 5, MB 85, karatasi 50, chaki nyingi.

17 Machi: mashine inayojibu kila kitu

Nilijua siku hii itafika. Kundi moja liliandika swali langu zima kwenye programu ya akili mnemba, likapata jibu lenye hatua zote, lililopangwa vizuri kuliko ninavyopanga mimi ubaoni, na kulinakili. Swali lilikuwa muda ambao mbio zetu zingechukua kuzunguka Dunia. Niliwagundua kwa sekunde moja: jibu lilitumia kasi ya kilomita 10 kwa saa, na hakuna kundi lililopima kasi hiyo. Kanuni ya namba ya kwetu ilifanya kazi ya ulinzi bila mimi kuipangia.

Sikuwaadhibu. Nilibadili upande wa kazi: badala ya kutafuta jibu, nikawapa majibu yenye kasoro wakatafute kasoro. Nilitumia vipindi viwili kwa hili na ningetumia vinne.

Kasoro ya kwanza: "Usain Bolt hukimbia mita 100 kwa kasi ya kilomita 44.72 kwa saa." Namba hiyo ni ya kweli na iko kwenye kurasa nyingi. Lakini fanya hesabu: kwa kasi hiyo mita 100 zingeisha kwa sekunde 8.05, na rekodi yake ya Berlin mwaka 2009 ni 9.58. Makundi matatu yaligundua kwamba 44.72 ni kasi ya juu kabisa aliyoifikia katikati ya mbio, na wastani wa mbio nzima ni 37.58. Kundi la tano, wakimbiaji wetu, walielewa haraka kuliko wote. Wao wana kumbukumbu ya miguu.

Kasoro ya pili haikupangwa. Niliuliza mwanga wa Jua unachukua muda gani kufika Duniani. Kilomita 149,600,000 gawanya kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde. Futa sifuri tano kila upande. 1,496 gawanya kwa 3. Sekunde 499 hivi. Mpaka hapo vizuri. Kisha wakagawanya kwa 60, wakapata 8.31, na makundi manne kati ya sita yakaandika: dakika 8 na sekunde 31.

Kurasa zote zinasema dakika 8 na sekunde 20, au karibu na hapo. Watoto, kwa mara ya kwanza, walikuwa na uhakika kwamba mtandao umekosea na wao wako sawa. Niliipenda sana ile jeuri, hata sikutaka kuivunja. Nikauliza tu: nusu ya dakika ni sekunde ngapi? Thelathini. Nusu kwa desimali? 0.5. Basi 8.5 ni dakika 8 na sekunde ngapi? Kimya, halafu mtu mmoja nyuma akaguna "Aaaah". Tukazidisha 0.31 kwa 60, tukapata 18.6, yaani 19. Sekunde iliyobaki ilitokana na kukadiria, kwetu na kwenye kurasa, wakaieleza wenyewe. Neptun waliifanya bila msaada: sekunde 15,000, dakika 250, saa 4 na dakika 10. Kundi moja liliandika saa 4.17, na wengine wakalirukia kabla yangu.

Gharama: saa 4, MB 120, karatasi 45.

31 Machi: zoezi la mtu mmoja mmoja (limenivunja moyo kidogo)

Bila vishikwambi, bila kundi. Kila mtoto alipewa kurasa mbili zilizochapwa zenye namba zinazopingana, namba moja ya kwetu, na swali.

Kuhakiki namba: vizuri. Wengi walilinganisha na Bango la Twiga hata kama halikuwa mbele yao. Kugawanya: vibaya. Watoto 9 kati ya 36 hawakuweza kumaliza mgawanyo wa tarakimu nne kwa tarakimu mbili. Wiki zote hizi walikuwa wamejificha nyuma ya yule anayejua, na mimi nilikuwa natazama makundi, si watu. Hawa wangeonekana wiki ya pili kama ningefundisha kwa kitabu. Yeyote atakayeiga mradi huu asidhani unachukua nafasi ya mazoezi ya kawaida. Hauchukui.

Marekebisho: tumetumia vipindi viwili kwa kugawanya tu, ubao na chaki. Kuanzia sasa anayeshika kishikwambi haandiki, zamu hubadilika kila dakika kumi, na kabla ya kuondoka kila mtoto ananipa kipande cha karatasi chenye hesabu moja aliyoifanya peke yake. Usahihishaji nao nimeubadilisha: alama 2 kwa kutaja ukurasa ulipotoka namba na kipimo chake, 2 kwa kueleza kwa nini namba inaaminika, 4 kwa hesabu, 2 kwa sentensi inayosema jibu maana yake nini. Awali nilikuwa natoa zote 10 kwa jibu.

Gharama: saa 3, MB 0, karatasi 72.

14 Aprili: hesabu ya gharama na kinachofuata

Jumla: saa 29, MB 1,240. Niliwapa watoto namba hizi wakokotoe siku ya kwanza pekee ilikula asilimia ngapi ya bando. Karibu 60. Walicheka kuliko nilivyopenda.

Anayetaka kuanza kesho: pakua kurasa kabla, zisizidi kumi, na angalau tatu ziwe zinapingana. Zima kujicheza kwa video. Kurasa zilizotafsiriwa na kivinjari usizitupe. Weka moja kwa makusudi, baada ya bango kuwa tayari. Na hesabu skeli yako hadi mwisho kabla hujawatoa watoto nje.

Hatua inayofuata ni asilimia na grafu, kwa kutumia maeneo ya maziwa makubwa. Lakini inabidi isubiri, kwa sababu kundi la tatu limeleta jambo jipya. Wamekuta ukurasa unaosema Kilimanjaro ina mita 5,892 na wanataka kujua zile mita 3 zimekwenda wapi: mlima umepungua, barafu imeyeyuka, au ni uzi wa kundi jingine? Wameomba futikamba, na ruhusa ya kupima mlango wa darasa letu mara kumi.